Mizani, Daftari na Amana: Historia ya Benki ya Ushirika ya Uganda na Wakulima wa Kahawa wa Mlima Elgon

Utangulizi

Neno amana lina maana mbili zinazotumika kila siku. Kwanza ni kitu chochote ambacho mtu amemkabidhi mwenzake akitunze mpaka atakapokihitaji. Pili ni fedha zilizowekwa benki. Maana ya pili imezaliwa na ya kwanza, na mtoto huyu hawezi kuishi bila mama yake: pale ambapo watu hawaaminiani, benki hubaki jengo lenye kabati la chuma na karani.

Makala haya yanasimulia historia ya taasisi moja iliyotaka kuziweka maana hizo mbili chini ya paa moja. Taasisi hiyo ni Benki ya Ushirika ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kufungwa na Benki Kuu tarehe 19 Mei 1999. Nitaieleza kwa kuwafuata wakulima wa kahawa wa Bugisu, kwenye miteremko ya magharibi ya Mlima Elgon, mlima ambao wenyeji wanauita Masaba. Hoja yangu ni kwamba benki ya wakulima haisimami juu ya fedha peke yake. Husimama juu ya mizani ya chama na daftari la mwanachama. Vitu hivyo viwili vilipoondolewa mikononi mwa wakulima, benki ilianza kufa miaka mingi kabla ya milango yake kufungwa.

Huenda msomaji akauliza historia ya benki inahusianaje na jarida la walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Jibu litaonekana njiani, kwa kuwa historia hii imeacha maneno katika lugha yetu, na maneno hayo ni ushahidi.

Kabla ya benki kulikuwa na mizani

Ushirika wa wakulima nchini Uganda ni mkongwe kuliko sheria zake. Mwaka 1913 wakulima wachache wa Singo, magharibi ya Kampala, waliunda chama cha Kinakulya ili wauze mazao yao kwa pamoja. Sababu ilikuwa wazi. Mkulima aliyepeleka pamba au kahawa yake peke yake kwa mnunuzi alikuta mizani ni ya mnunuzi, bei ni ya mnunuzi na hesabu ni ya mnunuzi. Kuungana kulikuwa njia ya kuwa na mizani yao wenyewe.

Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Vyama vya Ushirika mwaka 1946. Sheria hiyo ilimpa Mrajisi mamlaka makubwa, na wakulima wengi waliiona kama kamba shingoni. Mwaka 1947 ulianzishwa Umoja wa Wakulima Waafrika wa Uganda, ambao kiongozi wake mashuhuri alikuwa Ignatius Musazi. Baada ya ghasia za Buganda za Aprili 1949 umoja huo ulipigwa marufuku. Hata hivyo, madai ya wakulima hayakufa. Gavana Andrew Cohen alipofika mwaka 1952, sheria ililegezwa, vyama vikapewa uhuru zaidi, na njia ikafunguliwa ya vyama kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba na kukoboa kahawa.

Huko Bugisu mambo yalikuwa na sura yake. Kahawa ya arabika ililetwa mlimani mnamo mwaka 1912. Ilipata mahali pake: udongo wa volkano, mvua za kutosha, baridi ya mwinuko na kivuli cha migomba. Mashamba yalikuwa madogo na watu walikuwa wengi. Familia ilichuma kahawa mbivu, ikaimenya kwa mashine ya mkono, ikaichachusha, ikaiosha na kuianika mpaka ikakauka, ikiwa bado na ganda lake jembamba. Kazi yote hiyo ya ubora ilifanyika nyumbani, kabla ya gunia kufika kwenye mizani. Kwa hiyo mkulima wa Bugisu hakujiona kama mtu anayeuza mavuno tu. Alijiona kama fundi.

Chama Kikuu cha Bugisu, kinachojulikana kwa herufi BCU, kilisajiliwa mwaka 1954, makao yake yakiwa Mbale. Chini yake kulikuwa na vyama vya msingi vilivyotapakaa mlimani. Mkulima alipeleka kahawa kwenye ghala la chama chake. Ilipimwa mbele ya macho yake. Uzito ukaandikwa katika daftari la chama na katika kitabu chake mwenyewe. Akapewa malipo ya kwanza. Kahawa ilipokobolewa Mbale na kuuzwa, ziada ilirudishwa kama malipo ya pili.

Tusiusifu ushirika kupita kiasi. Mwaka 1958 serikali iliunda tume ya kuchunguza mambo ya BCU, na tangu hapo mvutano kati ya chama na serikali haukwisha. Serikali ilisema inalinda fedha za wanachama. Viongozi wa chama walisema serikali inataka kushika bei. Mara nyingi pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Vilevile kitabu cha mwanachama kwa kawaida kilibeba jina la mwanamume mwenye shamba, ingawa mikono iliyochuma, kuosha na kuanika ilikuwa kwa wingi ya wanawake na watoto. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tungeweza kuongeza kwamba hata daftari likiwapo, asiyeandikwa humo hana habari.

Benki ya mwaka 1964

Tatizo la mkulima wa kahawa ni kalenda. Msimu mkuu wa kuuza huanza mnamo Septemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, lakini mahitaji hayangoji msimu. Kuna palizi, kuna kupogoa, kuna ada ya shule, kuna ugonjwa. Huko Bugisu kuna pia imbalu, sherehe ya tohara ya vijana inayofanyika katika miaka ya tarakimu shufwa, ambayo huitaka familia kulisha wageni wengi. Mtu asiye na fedha mwezi wa Juni alikuwa na njia moja tu: kumwendea mfanyabiashara na kumuuzia kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya mtu mwenye shida.

Benki za kibiashara za wakati ule hazikumsaidia. Zilitaka dhamana ya hati ya ardhi, na ardhi ya mlimani ilimilikiwa kwa desturi za ukoo. Hapo ndipo mpango wa mikopo kupitia ushirika ulipoanzishwa mwaka 1961. Mkulima hakuulizwa hati. Aliulizwa kitabu chake: katika misimu iliyopita umeleta kilo ngapi kwenye mizani ya chama? Wajumbe wa kamati, ambao walikuwa jirani zake, walijua kama ni mtu wa kazi au wa maneno. Akikubaliwa, alipewa mkopo mdogo, na mkopo huo ulikatwa msimu ulipofika, palepale penye mizani, kabla fedha hazijaingia mfukoni.

Wasomaji wetu watambue uzuri wa mpango huu. Dhamana haikuwa nyumba wala shamba, vitu ambavyo benki ikivichukua humwacha mtu bila makazi. Dhamana ilikuwa mazao yajayo na jina la mtu mbele ya majirani. Kwa lugha nyingine, dhamana ilikuwa amana katika maana yake ya kwanza.

Mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, Benki ya Ushirika ilianzishwa kwa ajili ya harakati hiyo. Wenye hisa walikuwa vyama vya ushirika vyenyewe. Vyama vikuu viliweka humo fedha zao na kukopa humo fedha za kununulia mazao ya msimu. Baadaye iliendelea kuwa benki ya biashara, ikafungua matawi na kupokea wateja wasio wakulima. Lakini mzizi wake ulibaki ule ule: kahawa na pamba zipite kwenye mizani ya chama, mkopo ukatwe, daftari lifungwe, msimu mpya uanze.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo. Methali hii haisemi tu kwamba vidogo hukusanyika kuwa vikubwa. Inadokeza kwamba lazima kuwe na chombo cha kupimia ambacho watu wote wanakiamini.

Miaka ya magendo

Chombo hicho kilianza kuvunjika katika miaka ya 1970. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, na mwaka 1972 akawafukuza Waasia. Maduka na viwanda vyao viligawiwa watu waliokuwa karibu na utawala. Wananchi wa Uganda, hata wale wasiozungumza Kiswahili nyumbani, waliwaita matajiri hao wapya mafutamingi. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri, na kwa Waganda wengi kikawa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabara. Historia hii ya lugha tunaifahamu. Tusichokitilia maanani sana ni kwamba msamiati wa uchumi uliovunjika nao ulikuwa wa Kiswahili.

Neno kubwa kuliko yote lilikuwa magendo. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliua mibuni mingi ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana katika miaka miwili iliyofuata. Huo ulipaswa kuwa wakati wa neema mlimani. Lakini nchini Uganda kahawa ilipaswa kuuzwa kupitia bodi ya serikali, kwa bei iliyopangwa, na kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani kila mwezi. Upande wa pili wa mlima kulikuwa na Kenya, na Kenya kulikuwa na wanunuzi, sabuni, chumvi, sukari na shilingi yenye nguvu. Kahawa ikavuka mpaka usiku, kichwani mwa watu na mgongoni mwa punda. Soko la Chepkube, katika eneo la Bungoma, likawa maarufu kwa biashara hiyo mnamo mwaka 1976 na 1977.

Ni rahisi kumlaumu mkulima aliyefanya magendo. Lakini tazama mambo kwa macho ya familia yake. Gunia lililopelekwa chamani lingeleta noti ambazo hazina cha kununua. Gunia lililovuka mlima lingeleta shati la mtoto. Hata hivyo, kila gunia lililovuka mlima lilikuwa gunia ambalo halikupimwa na chama, halikuandikwa katika daftari, na halikukatwa mkopo. Magendo yaliokoa nyumba na kuutoboa ushirika.

Wenye akiba nao waliumia. Akiba haiozi, husema wahenga, lakini wahenga hawakuiona shilingi ya Uganda ya miaka hiyo. Baada ya vita na mabadiliko ya serikali, mwaka 1987 fedha mpya ilitolewa. Sifuri mbili ziliondolewa katika kila noti, na kodi ya asilimia 30 ikakatwa wakati wa kubadilisha. Aliyekuwa na shilingi 10,000 za zamani alitoka na shilingi 70 mpya. Kuondoa sifuri peke yake si hasara, kwani bei nazo zilipunguzwa sifuri. Ile asilimia 30 ndiyo iliyokuwa hasara ya kweli. Kwa mkulima mzee ambaye hakuelezwa tofauti hiyo kwa lugha anayoielewa, somo lilikuwa moja: fedha ya karatasi si ya kuaminiwa.

Soko huria na kufungwa kwa benki

Mageuzi ya miaka ya 1990 yalikuja na dawa kali. Ukiritimba wa bodi ya serikali katika kuuza kahawa nje uliondolewa kuanzia msimu wa 1990/91. Wanunuzi binafsi wakaingia Mbale na vijijini wakiwa na fedha taslimu mkononi. Bei aliyolipwa mkulima ilipanda, na hilo ni jambo jema ambalo haifai kulificha. Mkulima aliyezoea kupewa karatasi ya ahadi na kungoja miezi mingi alilipwa siku ileile.

Lakini angalia lililotokea kwenye mizani. Sasa zilikuwapo nyingi: ya chama, ya mnunuzi huyu, ya wakala yule. Mkulima aliyekopa kupitia chama aliweza kuuza kahawa yake kwa mnunuzi wa barabarani na kwenda zake. Vyama vikuu, vilivyokuwa vimekopa fedha za msimu kwa Benki ya Ushirika, vilijikuta vina deni lakini havina mazao. Benki nayo ilijikuta ina mikopo lakini haina njia ya kuikusanya. Uongozi mbaya ulikuwapo, na mikopo iliyotolewa bila uangalifu ilikuwapo; hayo hatuwezi kuyakana. Ila hata msimamizi hodari angepata taabu kuendesha benki ambayo dhamana yake inaweza kupakiwa kwenye gari la mtu mwingine saa yoyote.

Mwishoni mwa muongo huo benki kadhaa zilianguka kwa kufuatana. International Credit Bank ilifungwa mwaka 1998, Greenland Bank ikafuata Aprili 1999, na tarehe 19 Mei 1999 ikawa zamu ya Benki ya Ushirika. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa mtaji. Amana za wateja zilihamishiwa benki nyingine. Vyama, ambavyo ndivyo vilivyokuwa na hisa, vilibaki bila benki.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa Serikali alitoa taarifa maalumu kuhusu benki zilizofungwa, na mwaka 2019 kamati ya bunge ikatoa yake. Ilielezwa kwamba baadhi ya nyaraka muhimu za kufunga na kuuza benki hizo hazikupatikana, na kwamba mikopo ya benki tatu, ikiwemo ya Ushirika, iliuzwa kwa pamoja mwaka 2007 kwa punguzo la asilimia 93. Benki iliyoanzishwa kwa vitabu vidogo vya wakulima, ambamo kila kilo iliandikwa, ilimalizwa kwa namna ambayo haikuacha daftari kamili. Sijui kama iko methali inayofaa hapa kuliko ile tuliyoitaja ya mali bila daftari.

Majirani zetu

Kulinganisha hufundisha. Benki ya Ushirika ya Kenya ilisajiliwa mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya yetu, na kuanza kazi mwaka 1968. Nayo ilianza kwa wakulima, hasa wa kahawa, na nayo ilipita katika misukosuko. Jengo lake la Nairobi liliharibiwa vibaya na bomu la tarehe 7 Agosti 1998. Lakini iko hai mpaka leo. Iliandikishwa katika soko la hisa mwaka 2008, na vyama vikabaki na hisa nyingi kupitia kampuni yao.

Sababu za kuishi kwake ni nyingi, lakini moja yafaa kutajwa. Mbali na wakulima, iliwapata mapema wateja wengine wa ushirika: vyama vya kuweka na kukopa vya walimu, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa mijini. Mikopo ya wanachama hao hukatwa katika mshahara kabla haujawafikia. Yaani hati ya mshahara ikawa mizani mpya, na mizani hiyo haivuki mlima usiku.

Tanzania nayo ilizindua Benki ya Ushirika ya kitaifa mwezi Aprili 2025 mjini Dodoma, mzizi wake mmoja ukiwa benki ndogo ya ushirika ya Kilimanjaro, yaani wakulima wengine wa kahawa chini ya mlima mwingine.

Hitimisho

Mlimani Masaba ushirika haukufa. BCU bado ipo. Gumutindo, chama kilichosajiliwa mwaka 2003 na ambacho jina lake kwa Lugisu lina maana ya ubora wa hali ya juu, huuza kahawa ya wanachama wake nje ya nchi. Huko Namanyonyi, chama cha Mirembe Kawomera kilianzishwa mwaka 2004 na wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Na tangu Februari 2022 serikali imekuwa ikipeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi, zikopeshwe kwa kaya kupitia vyama vya kuweka na kukopa, hadi shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Wako pia wanaodai benki ya ushirika irudishwe.

Swali la kuwauliza wenye mipango hii si fedha ni kiasi gani. Swali ni mizani iko wapi na daftari limeandikwa kwa lugha gani. Mkopo usiofungamana na zao linalopimwa, au na jambo jingine ambalo majirani wanaweza kuliona na kulihesabu, huonekana machoni pa mkopaji kama zawadi. Na sheria ndogo za chama zikiandikwa kwa lugha ambayo mwanachama hawezi kuisoma, basi yeye si mwenye chama, hata akipewa hisa mia.

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na huko Mbale, mji ulio karibu na mpaka, ni lugha ya soko. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kwenda kwenye maghala ya vyama vya msingi, wakaketi na makarani wastaafu na wanawake walioosha kahawa hiyo, wakaandika maneno yao ya kupima, kukopa, kudai na kusamehe deni. Walimu tunaweza kutafsiri kitabu kimoja cha mwanachama, au masharti ya mkopo ya ukurasa mmoja, kwa Lugisu na kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka. Maneno kama hisa, riba, dhamana na ziada tunayafundisha darasani kama msamiati. Kwa mwenye nusu ekari ya mibuni ni ulinzi wake.

Magendo na mafutamingi yaliingia katika lugha bila kamusi wala semina, kwa sababu watu waliyaishi. Amana nayo itarudi kwenye maana yake kwa njia hiyohiyo: siku mkulima atakapoweka gunia juu ya mizani, akasoma mwenyewe kilichoandikwa, na mwaka unaofuata akakikuta bado kimeandikwa vilevile.